Msimamizi kanirudishia kazi mara ya pili: mnapataje rejea za kuaminika?

Mtoto wa Vwawa

Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa pili chuo kimoja hapa Mbeya, nimepanga Mafiati. Utafiti wangu unahusu wakulima wadogo wa kahawa Mbozi, nyumbani kabisa. Kazi imerudi tena, na kila aya ina neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Chanzo?"

Nilitumia blogu mbili, Wikipedia, na rejea tatu nilizopewa na akili mnemba. Moja ya hizo tatu msimamizi ameifuatilia mwenyewe. Jarida lipo, juzuu ipo, ila kwenye ukurasa ule kuna makala ya mambo ya ng'ombe. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kuna sehemu naona nimeonewa. Niliandika kwamba mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakabaki 2,343,754, kwa hiyo vijana wanaukimbia mkoa kwa kuwa kahawa hailipi. Namba zote ni za sensa, sikubuni! Kazungushia duara, kaandika "Nenda maktaba." Nimekwenda, nimezunguka kwenye rafu saa nzima, nimetoka na kitabu chakavu kinachonuka panya. Nyie mnatafutaje?

Bajaji ya Kabwe

Watu wamekimbia mkoa? Njoo Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni unioneshe walikokimbilia 😂 Mimi enzi zangu nilidesa kazi ya kaka mmoja wa mwaka wa juu, nikasahau kubadilisha jina la kijiji ukurasa wa tisa. Sikushauri.

Mama Kadi

Mwanangu, hakuna aliyekimbia. Mkoa ulikatwa. Songwe ilitolewa Mbeya mwaka 2016, ikaondoka na Mbozi, Ileje na Momba. Sensa ya 2022 iliikuta Songwe ina watu 1,344,687. Jumlisha na hao wako wa Mbeya utapata 3,688,441, maana yake eneo lile lile limeongezeka watu karibu milioni moja. Na Mbozi unayoiandika haimo hata kidogo kwenye namba yako ya pili.

Nimekaa meza ya maktaba Iringa miaka ishirini na sita, tangu enzi za droo za kadi, na kosa hili nalifahamu kwa sura. Kwetu sensa ya 2002 ilitoa watu 1,495,333, ya 2012 ikatoa 941,238. Ukisoma kama ulivyosoma wewe, Iringa tulikuwa tunakwisha. Kumbe Njombe walishapewa mkoa wao. Kwa hiyo chanzo kinaweza kuwa cha serikali kabisa, na bado ukapotea. Kabla hujalinganisha namba mbili, uliza waliohesabu walichora mpaka wapi. Tani za kahawa za "Mbeya" nazo ni hivyo hivyo: kabla ya 2016 kahawa ya Mbozi ilikuwa humo ndani.

Sasa kutafuta. Usizunguke kwenye rafu kama unatafuta mbuzi aliyepotea. Maktaba inayopanga vitabu kwa namba za mfumo wa Dewey huweka kilimo 630, na kahawa ina namba yake, 633.73. Mtajie mhudumu namba hiyo uone atakavyokuheshimu. Vitabu vitakuwa vichache na vya zamani, hilo lisikukatishe tamaa, maana nondo yenyewe ipo kwenye tasnifu. Chuo cha Sokoine, Morogoro, wameweka nyingi mtandaoni bure. Ukipata moja inayohusu kahawa ya kusini, anza na kurasa za mwisho, kwenye marejeo. Aliyekutangulia alihangaika miaka miwili kuyakusanya, wewe unayapata kwa dakika kumi.

Makala za majarida ya Afrika zipo mtandaoni, kwenye tovuti ya AJOL. Ukikuta inayodai dola, usilipe. Uliza kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Humo kuna AGORA, mkusanyiko wa mambo ya kilimo unaosimamiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Unapotafuta andika Kiingereza, na usiishie kwenye "Mbozi". Weka na "Mbeya", kwa kuwa mwandishi wa mwaka 2009 hakuijua Songwe.

Wikipedia soma, hakuna dhambi, ila teremka chini kwenye tanbihi ukafungue zile zinazotajwa. Hiyo akili mnemba mimi sina ugomvi nayo. Ikikupa rejea, ifungue kwa macho yako. Isipofunguka, haipo.

Halafu mbona hujaitaja Mbimba? Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo pale pale Mbozi.

Mtoto wa Vwawa

Shikamoo mama. Mbimba ndiko mzee alikonituma kuchukua miche nikiwa darasa la sita! Haikunijia kabisa kwamba wale watu wanaandika.

Leo nimekwenda na 633.73. Vitabu viwili tu, kama ulivyosema, lakini mhudumu aliinuka kwenye kiti. Tasnifu nimepata moja, marejeo kurasa kumi na moja, nimeshapiga mstari saba. Swali la mwisho: mzee wangu analima kahawa tangu kabla sijazaliwa, anajua bei za kila msimu kwa kichwa. Naweza kumweka kwenye marejeo?

Mama Kadi

Marahaba. Baba yako si rejea, ni mhojiwa. Nenda na daftari, andika tarehe na mahali, umwombe ridhaa kama wengine wote, kisha maneno yake yaweke sura ya matokeo. Bei zake zilinganishe na stakabadhi za chama chake cha ushirika kama anazitunza.

Mtoto wa Vwawa

Anazo, kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Jumamosi napanda Coaster ya Vwawa.