Mdogo wangu anataka kusomea jiolojia ya bahari, kuna kazi kweli huko?

Mwana_Kilwa: Wakuu habari za jioni. Dogo yuko form six PGM, kang'ang'ania jiolojia ya bahari. Mshua kamwambia miamba iko Geita, baharini kuna samaki. Sasa hawa watu kazi yao ni nini hasa?

Fundi Maiko: Asome ualimu tu mkuu, hayo mengine ni ya wazungu.

KasaMzee: Usimsikilize Maiko. Mi nilipiga kazi ya dek kwenye meli ya utafiti, nikawaona kwa macho yangu. Meli inatuma mlio chini unagonga sakafu unarudi, sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwahiyo kina cha mita 3,000 unasubiri sekunde 4 tu, kushuka na kurudi, na vyombo vya sasa vinatuma milio mingi kwa mpigo vinachora upana mzima, meli inakwenda na kurudi kama mtu analima kwa trekta. Halafu wanashusha bomba refu linazama kwenye tope, likipandishwa wanalipasua kwa urefu kama boflo, unaona mistari, kijivu, kahawia, kijivu tena. Mama mmoja akaninyooshea mstari mwembamba kuliko kucha akasema hili ni jivu la volkano. Zamu masaa 12, tope mpaka masikioni.

Na kazi ipo sana. Mei 2024 intaneti ilivyozingua si nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari? Njia ya nyaya kama hizo huwezi kuipanga bila kujua sakafu ikoje, wapi mteremko, wapi tope linaporomoka.

bi_nungwi: Maiko, mtafute Dawn Wright. Dada mweusi wa Marekani, kakulia Hawaii, mwanajiolojia wa bahari, kafundisha miaka mingi chuo kikuu cha Oregon State, sasa ni mwanasayansi mkuu wa Esri, wale wa programu za ramani. Julai 2022 alishuka na mpelelezi wa vilindi Victor Vescovo kwenye Challenger Deep, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, karibu mita 10,900, mtu mweusi wa kwanza kufika. Na hakwenda kutalii, walikuwa wanajaribu sona, chombo cha kupima kwa mlio kama alivyosema KasaMzee, kwenye kina hicho. Wamefika chini, wanakuta nini? Chupa ya bia! Na lebo yake!! Mi nafundisha sekondari, nikiwasimulia wanafunzi hiyo chupa darasa zima linanyamaza, hapo ndo nawaambia mpaka 2024 sakafu ya bahari iliyopimwa vizuri ni robo na ushee tu.

Fundi Maiko: Sawa madam nimekaa chini 😂

Mwana_Kilwa: Asanteni sana, mshua nimemsomea ya nyaya kaanza kulainika. KasaMzee, wanaotapika baharini wanafanyaje?

KasaMzee: Wanatapika, wanarudi kwenye tope. Siku ya tatu inaisha.

Mwana_Kilwa: Haya, jumamosi nampandisha boti ya Zanzibar, tena hii ya kusi, tuone.