Udi: mi ya Rasti inapotea kasi ikiongezeka

Nyuzi11: Wakuu, nikipiga kwenye udi (ala ya nyuzi) Rasti ya do, yaani maqamu au ngazi ya sauti ya Kiarabu inayoanzia do, polepole, ile mi iliyo kati ya mi bemoli (iliyoshushwa nusu hatua) na mi kamili inakaa vizuri. Nikifika mapigo 90 kwa dakika inapanda kuelekea mi kamili. Mazoezi ni saa moja kila siku, programu ya kupimia sauti ikiwa wazi muda wote. Tatizo ni kidole au sikio?

Risha_Ndefu: Sikio, mkuu. Udi hauna freti (vijiti vya kugawa shingo), kidole kinakwenda pale sikio linapopatarajia. Kwa uzi wa re wenye urefu wa sm 61, ukipima kutoka kijiti cha juu shingoni, mi bemoli iko sm 3.4, mi kamili sm 6.7, na hiyo yako sm 5.1. Ukikosea milimita 3 tu, sauti imehama kama senti 9 (senti 100 ni nusu hatua). Sikio lililolelewa na kinanda linazijua hizo mbili za pembeni, ya katikati linaiona kosa. Polepole unapata muda wa kurekebisha, ukikimbia huupati.

Piga re wazi, iache ivume, imba mi kwa mdomo, ndipo ubonyeze. Ukiimba kombo usibonyeze, rudia kuimba. Angalia na kidole gumba: kikibana shingo, kiganja kizima kinaganda na vidole vinaburuzwa.

Maqamu_Pwani: Naongezea: hiyo programu ifunike! Ukiitazama muda wote, jicho ndilo linalojifunza. Piga, sema "juu" au "chini", halafu ndiyo ufunue.

Pia usirudie Rasti mara thelathini mfululizo. Changanya na maqamu za Nahawandi (yenye mi bemoli) na Ajamu (yenye mi kamili), zote za do, ili mi zote tatu zipishane. Siku hiyo utakosea zaidi, usivunjike moyo. Jipime kesho yake asubuhi, kabla ya kupasha vidole. Anza mapigo 60, ongeza 4 kila ukipata 9 kati ya 10.

Nyuzi11: Asanteni sana. Udi wangu ni wa Kituruki, uzi sm 58.5. Namba ni zilezile?

Risha_Ndefu: Hapana, kwako mi ya Rasti ni sm 4.9. Mkono uliozoea sm 61 utapita kwa milimita 2, yaani senti 6 au 7 juu. Kama darasani unatumia udi mkubwa na nyumbani huu, kila ukibadilisha tumia dakika 5 za kuimba na kubonyeza kabla ya wimbo wowote. Alama ya kalamu shingoni usiweke.