Gari ya familia yenye milango ya kusukuma: tupeane uzoefu kabla sijatoa hela

Baba Watano
Wakuu, habari za muda huu. Jana kijana wangu wa pili kafungua mlango kwa pupa kwenye maegesho, ukaenda kuipiga gari ya pembeni. Mwenye gari alikuwa ndani anasikiliza redio. Yaliyofuata sisimulii. Mama watoto kashasema gari inayokuja ni ya milango ya kusukuma, ile inayoteleza ubavuni, na mjadala umefungwa. Tuko saba tukimhesabu bibi yao, wawili bado wanakaa viti vya watoto. Nina Noah, Sienta, Serena na Premacy kichwani. Waliowahi kumiliki leteni uzoefu, maneno ya wauzaji nimeshayasikia.

Mama Pacha
Umenigusa penyewe. Mvua inanyesha, mmoja kalala begani, mwenzake anataka kubebwa na yeye, mkoba mdomoni. Nabonyeza rimoti, mlango unajifungua wenyewe. Siku ile niliipenda gari kuliko mwenye nayo.

Ila angalia jambo moja ambalo halionekani kwenye picha. Gari nyingi za siti saba, ili mtu apite kwenda nyuma lazima siti ya kati ikunjwe au isogezwe mbele. Ukishafunga viti vya watoto pande zote mbili, haikunjwi tena. Bibi atapitia wapi? Tafuta yenye siti mbili za kujitegemea katikati, zile za kupita kati kati yake. Noah ya siti saba huwa hivyo, ya siti nane ndiyo yenye benchi.

Mnyonge wa Siti ya Tatu
Naongea kwa niaba ya magoti yangu: kaa wewe mwenyewe huko nyuma kabla hujalipa.

Fundi Reli
Baba Watano, usichanganyikiwe na rangi wala redio. Nenda kwenye mlango. Mlango huu unabebwa na rola sehemu tatu: juu, chini, na ya kati inayopita kwenye reli iliyochimbwa ubavuni. Ufungue nusu, ushike kwa chini, uunyanyue. Ukicheza juu chini, rola zimekwisha. Kisha chungulia reli ya chini, pale mchanga na maji vinapokaa, uone kutu. Kama ni wa umeme, ufungue na kuufunga mara nyingi gari ikiwa tambarare, halafu tena ikiwa imeinama. Kebo inayouvuta ikianza kuchanika utasikia inakwaruza, na mota inarudi nyuma kabla mlango haujafunga. Muuzaji akikwambia "huo ni wa kuzoea tu", aga.

Chuma cha Zamani
Umeme wa nini? Kitu cha kusukuma kinasukumwa. Nilikuwa na Townace Noah, zile zilizoanza 1996, injini chini ya siti za mbele, tairi za nyuma ndizo zinavuta, mlango wa kusukuma mmoja tu kushoto. Watoto wote wanashukia upande mmoja, unawaona, hakuna wa kurukia barabarani. Hawa wa milango miwili wanalea watoto kwa rimoti.

Mama Pacha
Na ukipaki kushoto ukakuta ukuta? Wanashuka kwa dirisha?

Chuma cha Zamani
Dada, unasogeza gari.

Mama Pacha
Kaka yangu, hata Wamarekani walianza na mmoja. Zile Dodge Caravan na Plymouth Voyager za 1984 zilikuwa na mlango wa kusukuma upande wa abiria tu. Modeli ya 1996 ikaleta wa upande wa dereva, na wenye familia hawakutaka kurudi nyuma. Na hiyo Noah unayoisifia, ilipobadilishwa 2001 injini ikahamia mbele na milango ikawa miwili. Kuhusu kurukia barabarani, kuna swichi ya dereva ya kuzima milango na kuna loki ya watoto kwenye ukingo wa mlango. Tumia hizo.

Shemeji wa Mlimani
Nilikuwa nasoma tu kimyakimya ila hiyo "huo ni wa kuzoea" imeniamsha.

Tulikuwa tunampeleka mama mkwe harusini. Gari ya kuazima, sitaitaja aina. Mwenye nayo alituambia mlango wa kushoto usukumwe kwa nguvu, ukisikia kishindo ujue umefunga. Kishindo tulikisikia. Taa ya mlango kwenye dashibodi ilikuwa inawaka mwaka mzima, kwa hiyo hakuna aliyeitazama.

Tambarare yote safari tamu, watu wanaimba. Tukafika kwenye mlima mkali, nikapunguza gia, nikakanyaga mafuta. Nikasikia upepo. Nageuka, mlango umerudi nyuma wote, uko wazi kabisa, na sanduku la mama mkwe lililowekwa pale pa kukanyagia ndiyo linatoka. Nguo za harusi zote zimo humo.

Mwanangu mdogo ndiye aliyekaa pembeni upande ule. Mkanda alikuwa nao kwa sababu dada yake alimfunga kwa nguvu, wakagombana, akalia, na mimi nikamfokea yule dada kwamba anamsumbua mwenzake. Mguu wake ulikuwa nje unaning'inia, kiatu kimeshaenda. Mama mkwe akapiga ukelele "Simama!" nikakanyaga breki. Ule mlango ukaja mbele kwa kasi ukajibamiza hadi gari ikatikisika. Dada yake alikuwa ameshamvuta mguu ndani. Sijui alijuaje.

Ukipanda mlima kwa mafuta, mlango usioshika loki unakimbilia nyuma. Ukifunga breki unakuja mbele na uzito wake wote. Nimeendesha miaka mingi, hakuna aliyewahi kunieleza hilo.

Mnyonge wa Siti ya Tatu
Mungu mkubwa. Sanduku je?

Kanyagia
Usiishie hapo mkuu, mama mkwe alivaa nini harusini?

Shemeji wa Mlimani
Lori la nyuma yetu lilipita juu yake. Alivaa gauni la mke wangu. Picha zipo, nimekatazwa kuzionyesha.

Kanyagia
Mke wako na mama yake wana mwili mmoja?

Shemeji wa Mlimani
Ndiyo maana nimekatazwa.

Mama Pacha
Tumwache mama wa watu. Yule binti aombwe radhi.

Shemeji wa Mlimani
Alishanunuliwa simu.

Fundi Reli
Hapo loki ilikuwa imelika au mlango umeshuka, meno hayakutani sawasawa. Kishindo si ushahidi. Mlango ukikaa sawa na bodi na taa ikazimika, hapo umefunga. Gari yenye taa ya mlango isiyozimika isibebe mtoto.

Kanyagia
Dawa ya milango hii ni grisi. Jaza reli nzima, unateleza kwa kidole.

Fundi Reli
Jaza reli nzima grisi uvune udongo. Vumbi linaganda humo linakuwa msasa, rola zinaliwa. Reli inafutwa kwa kitambaa, inapulizwa silikoni kidogo, basi. Grisi kidogo kwenye loki na beringi.

Kanyagia
Mimi napaka na mlango wangu mzima.

Fundi Reli
Utaniletea.

Baba Watano
Jamani nimejifunza mengi, pamoja na harusi. Sasa tuamue. Sienta inanivutia kwa mafuta, injini 1500. Inatosha?

Mnyonge wa Siti ya Tatu
Inatosha watu saba au mizigo, chagua. Ile ya kwanza, iliyoanza 2003, siti ya tatu inakunjwa inazama chini ya siti ya kati. Akili kubwa sana. Ikikunjwa una buti zuri. Ikisimama, mabegi saba yanakaa mapajani.

Mama Pacha
Kwa saba wa kila siku chukua Noah au Serena. Sienta ni ya watano wanaopata wageni.

Chuma cha Zamani
Premacy. Iko chini, haiyumbi kwenye kona, bibi anapanda bila kigoda.

Fundi Reli
Premacy yenye milango ya kusukuma ni ya kuanzia 2005, ya kwanza ilikuwa na milango ya kawaida, wasikuuzie. Na ile siti ya katikati mstari wa pili ni nyembamba, ya dharura. Ukichukua Serena ya kuanzia 2005 au nyingine yenye gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, uliza ilikuwa inawekwa oili gani. Oili ya gia za kawaida inaiua.

Kanyagia
Kuhusu ukubwa usiogope. Noah iliyotoka 2014 ina upana wa milimita 1,695 tu zile za kawaida, Wajapani waliibana makusudi isivuke 1,700 ya daraja lao la gari ndogo. Mlango wa nyuma ndio mtihani, ni mrefu, unataka nafasi kubwa kuufungua. Ukipaki kinyumenyume ukutani, buti limeshakuwa stoo.

Mama Pacha
Kweli kabisa. Na mkiwa mnajaza mafuta, mlango wa upande wa tangi kwenye gari nyingi hauendi mpaka mwisho kifuniko kikiwa wazi. Nilidhani umeharibika, nusura niite fundi.

Fundi Reli
Ungeniita ningekuja, ningekutoza.

Baba Watano
Kesho naenda kuangalia Noah ya siti saba, kushoto umeme, kulia wa mkono. Fundi, nitaunyanyua huo mlango.

Fundi Reli
Unyanyue muuzaji akikuona. Bei itaanza kuteremka yenyewe.

Mgeni Hapa
Samahani nimechelewa, nimesoma mwanzo tu. Porte nayo si ina mlango wa kusukuma? Nimeiona, nzuri sana.

Fundi Reli
Ina mmoja, kushoto. Siti tano. Jamaa wako saba.

Mgeni Hapa
Bibi na mmoja wao si wanaweza kupanda bodaboda?

Mama Pacha
Mwenye uzi, mtoe huyu.