Baba mkwe mtarajiwa (Msabato) anataka tutawadhane miguu kanisani. Mimi Mkatoliki, je, nitakuwa nimepokea sakramenti?

Mtu wa Kihesa
Wakuu, kamwene.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nyumbani Iringa, kwa sasa niko Uyole kikazi. Mchumba wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Msabato, na baba yake ni mzee wa kanisa. Jumamosi hii kwao kuna Meza ya Bwana. Mzee kanipigia simu mwenyewe: "Mwanangu, uje. Mimi na wewe tutatawadhana miguu."

Nikajibu "sawa baba", nikakata simu nikiwa nimeduwaa. Mtu mzima yule, ambaye mahari yake sijamaliza, ainame na beseni miguuni pangu?

Halafu mama yangu kasikia. Anasema nikikubali nitakuwa nimepokea sakramenti ya dhehebu lingine, nisisogelee komunyo mpaka niungame. Mimi nilifundishwa sakramenti ni saba na hii haimo. Lakini kila nikisoma Yohana 13 nakwama. Yesu kaosha miguu usiku uleule wa Karamu ya Mwisho, akaagiza na wao wafanyiane. Mkate na divai vikawa sakramenti, beseni likaachwa. Kwa nini?

Na Jumamosi nifanyeje? Naomba ushauri bila matusi.

Sisimba Juu
Mwezi wa saba huu, Tukuyu, asubuhi? Mkuu, kabla ya teolojia ulizia kama maji yatachemshwa.

Katekista Mstaafu
Kijana, mwambie mama atulie. Sisi wenyewe tunaosha miguu kila Alhamisi Kuu. Papa Pius wa 12 ndiye aliyeiweka ndani ya Misa ya jioni ya siku hiyo, mwaka 1955. Mwaka 2013 Papa Francis alikwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha wafungwa, wakiwemo wasichana na Waislamu. Mwaka 2016 utaratibu ukabadilishwa rasmi ili wanawake nao waoshwe.

Sasa mwulize mama: wale Waislamu walipokea sakramenti gani, na ubatizo hawana? Ingekuwa sakramenti, Papa asingewapa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulitamka saba mwaka 1547, na kuosha miguu hakumo. Ni ibada nzuri sana, ila si sakramenti. Kuoshwa miguu na Msabato si dhambi ya kupeleka kitubio.

Mluteri wa Makambako
Jibu la "haimo kwenye saba" halitoshi, maana mwenye uzi anauliza kwa nini haimo. Sisi KKKT tunazo mbili tu, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na kipimo chetu ni hiki: pawe na agizo la Mungu, na juu ya agizo pawe na ahadi ya neema. Melanchthon, mwenzake Luther, aliliandika hilo mwaka 1531 akitetea Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani. Kwenye kikombe Yesu alisema damu yake inamwagika kwa ondoleo la dhambi. Kwenye beseni alisema nimewapa kielelezo. Mfano wa kufuata ni amri, na amri peke yake haifanyi sakramenti. La sivyo hata kutembelea wafungwa kungekuwa sakramenti.

Sabato Njema
Ndugu Mluteri, umeruka mstari wa 8. "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Kama hiyo siyo ahadi, ni nini?

Mwenye uzi, sisi hatuiiti sakramenti, tunaiita huduma ya unyenyekevu. Lakini haturuki. Iko kwenye msingi wa imani wa 16, pamoja na Meza, na kwa kawaida tunafanya kila robo mwaka, kabla ya mkate. Wanaume upande wao, wanawake wao. Nimewahi kuona watu waliogombania mpaka wa shamba wakiinamiana pale. Wengine hawapatani mpaka siku ile.

Mluteri wa Makambako
Mstari wa 8 Petro aliambiwa kuhusu kuoshwa na Yesu. Mzee wa Tukuyu si Yesu.

Sabato Njema
Na mchungaji wako anayebatiza ni Yesu?

Msomaji wa Mababa
Hapo Sabato kamshika 😂

Ila msidhani ubishi huu umeanzia Mbeya. Karne ya 4, Ambrosi, askofu wa Milano, alikuwa akiwaosha miguu waliotoka kubatizwa. Alijua Roma hawafanyi, akaendelea na akaitetea: nyoka alimwuma Adamu kisiginoni, basi kisigino nacho kioshwe. Hispania nako, mwanzoni mwa karne hiyohiyo, sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Elvira ilikuwa imeshawakataza mapadri kuwaosha miguu wabatizwa. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anaeleza kwamba wengine waliikataa desturi hii ili watu wasiichanganye na ubatizo. Karne ya 12, Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, akaiita sakramenti kabisa, ya kuondoa dhambi za kila siku. Yote hayo ni kanisa moja.

Kwa hiyo, Mtu wa Kihesa, swali lako si la kijinga. Mimi naona iliachwa kwa sababu ilifanana mno na ubatizo, hoja zilizobaki zilikuja baadaye. Tuache kusema "Biblia iko wazi" kwenye hili.

Mmoravian Rungwe
Sisi pia tulikuwa nayo. Wamoravian wa Ulaya walioshana miguu mpaka sinodi ya 1818 ilipoifuta. Wamisionari waliofika Rungwe 1891 walikuja bila beseni. Binafsi nasikitika.

Binti Kyela
Mnamjaza historia, mwenzenu anaogopa mkwe. Kaka, kwetu Wanyakyusa mwiko mkali zamani ulikuwa wa mkamwana na baba mkwe, hata wasionane. Wewe hauko humo. Mzee kukuita beseni moja mbele ya kanisa ni kukutambulisha. Ukimwambia "hapana baba, nakuheshimu" utakuwa Petro mtupu, aliyemkatalia Yesu kumwosha, na kina mama watalizungumza wiki nzima. Nenda. Yeye akimaliza, wewe uiname umwoshe, usimwachie kijana mwingine. Soksi ziwe safi tafadhali.

Chumvi ya Mafinga
Beseni dogo hilo. Kubwa ni ndoa. Padri wako atataka ruhusa ya askofu kwa ndoa ya mseto, na wachungaji wa Kisabato hawapendi kufungisha ndoa na asiye Msabato. Hilo mmelizungumza?

Mtu wa Kihesa
@Chumvi ya Mafinga tumelizungumza nusu. Nusu nyingine ndiyo inayonitoa usingizi, nitafungua uzi wake.

@Binti Kyela ndaga fijo (asante sana). Naenda. Limebaki moja: baada ya kutawadhana watapitisha mkate. Nao?

Katekista Mstaafu
Huo uache. Kanisa letu haliruhusu kupokea komunyo kwa Waprotestanti. Tena mwambie mzee leo kwenye simu, asije akashtukia pale.

Sabato Njema
Meza yetu iko wazi kwa Mkristo yeyote, ila halazimishwi mtu. Sahani ikifika mpitishie wa pembeni. Mwambie mapema kama alivyosema katekista, na umwulize pia saa ya kuanza, maana Shule ya Sabato inatangulia na wewe umezoea Misa ya kwanza na kuondoka.