Majirani wa Kona: Kikao ni Jumatano

*Jumatatu*

[19:42] Mama Zuhura: Assalaam aleikum majirani, na wasio Waislamu hamjambo. Jumatano kuna kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti, ukumbi ule wa karibu na zahanati. Tangazo hili hapa. Tafadhali tusome sote.

[19:43] Mama Zuhura: 📷 Picha

[19:45] Mama Zuhura: Masika yameshabisha hodi. Mtaro wa kona uko vile vile. Taa ya mulika mwizi imezimika tangu kabla ya Ramadhani, watoto wanatoka madrasa gizani. Tusipokwenda, mwezi wa tano mtu asije akanililia humu ndani.

[20:01] Mama Zuhura: Naona wamesoma watu 41. Waalaikum salaam ni shilingi ngapi?

[20:06] Fundi Bomba: Waalaikum salaam mama. Simu yangu ni ya maandishi tu, picha yataka hela 😂

[20:07] Fundi Bomba: Halafu Neema asema tangazo lenyewe ni Kizungu. Maoni ni ya Mswahili, mwaliko ni wa nani?

[20:09] Chande: Linasema wakazi waje watoe maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Unaweza kusema kwa mdomo palepale au kupeleka waraka ulioandikwa. Makadirio lazima yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kupita, ndiyo sababu ya haraka hii.

[20:10] Bi Kadzo: Saa ngapi mwanangu

[20:10] Chande: 9

[20:12] Bi Kadzo: Haya. Nitakuwa nimemaliza mbaazi.

[20:15] Mama Zuhura: Naandika waraka mmoja wa mtaa mzima. Sitaki kila mtu asimame na lake kama mwaka jana. Mpaka sasa nina mtaro, mulika mwizi, na madirisha ya chekechea. Ongezeni.

[20:16] Fundi Bomba: Kituo cha polisi

[20:17] Dada Neema: Matuta barabara kuu, bodaboda watatumaliza

[20:21] Chande: Polisi si wa kaunti. Barabara kuu nayo ni ya serikali kuu, na shule ya msingi vilevile. Someni Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ina zahanati, chekechea, maji, takataka, masoko, barabara zake yenyewe na taa za barabarani. Ukisimama pale ukaomba polisi wataandika "asante kwa maoni" na dakika zako mbili zimekwisha.

[20:22] Fundi Bomba: Na mke yuko jedwali la ngapi

[20:22] Mama Zuhura: Fundi.

[20:22] Fundi Bomba: Nimenyamaza

[20:30] Ba' Salim: Kabla ya waraka. Viti.

[20:30] Fundi Bomba: 9️⃣

[20:31] Dada Neema: Yarabi, tena

[20:33] Mama Zuhura: Ba' Salim, hilo si la leo.

[20:36] Ba' Salim: Halijawahi kuwa la leo. Agosti 2022 viti vya mtaa vilitoka 40 kwenda kwenye kampeni, vikarudi 31. Aliyetia sahihi vitoke yumo humu, na ndiye anayetuandikia waraka.

[20:38] Mama Zuhura: Nilitia sahihi kwa sababu wewe ulikuwa safarini Lunga Lunga na ufunguo ukaniachia mimi. Na mheshimiwa mwenyewe aliahidi mbele ya watu kwamba

[20:39] Ba' Salim: Aliahidi. Ndizo hizo ahadi tunazoziendea Jumatano.

[20:39] Fundi Bomba: Nyinyi hamuoni vile viti vimepata kazi kaunti? Vimeajiriwa 😂😂 Vimekaa

[20:40] Dada Neema: 😂😂😂

[20:44] Mama Zuhura: Mtaro jamani.

[21:32] Bwana Karani: Samahani, nilikuwa natazama taarifa ya habari. Mimi vikao hivi nimeviandikia kumbukumbu mpaka nikastaafu, naomba mnisikilize mara moja. Bajeti haipikwi Aprili. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha unaingia kabla ya Februari kwisha. Aprili mnaitwa kuonja chumvi, sufuria imeshateremshwa. Mkiomba kitu kipya kabisa mtapigiwa makofi tu. La kufanya ni kutazama kama mtaro wenu umo kwenye mpango. Kama umo, semeni pesa zake zisiondolewe, na mtaje unaanzia wapi na kuishia wapi.

[21:35] Bwana Karani: La pili. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. La tatu, lile daftari la mahudhurio msilisaini kabla ya kusoma kichwa cha ukurasa. Nimeona mengi.

[21:36] Fundi Bomba: Mzee umeona nini, tuambie

[21:50] Bwana Karani: Usiku mwema.

[22:04] Fundi Bomba: Lakini kusema kweli, maoni yana kazi gani? Si wao washaamua.

[22:09] Chande: Kazi yapo. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupa Sheria nzima ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ni wananchi kutoshirikishwa inavyotakikana. Na kwa kaunti ni hivyo hivyo, ibara ya 196, bunge la kaunti linalazimika kutushirikisha.

[22:15] Ba' Salim: Malizia. Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha.

[22:16] Chande: Ndiyo, ikairudisha.

[22:16] Fundi Bomba: Kwa hivyo tuliongoza mpaka mapumziko

*Jumanne*

[06:20] Mama Zuhura: Sabahul kheri. Chande, huo mpango umeupata? Na nani atapima mtaro? Naomba jibu, si dole gumba.

[06:58] Dada Neema: 👍

[09:14] Chande: Nimeupata. Kurasa ni nyingi, wallahi macho yameniuma. Tumo. "Ukarabati wa mtaro", jina la mtaa limekosewa herufi mbili lakini ni sisi. Safu ya hali imeandikwa: unaendelea.

[09:15] Fundi Bomba: Unaendelea kujaa

[09:17] Mama Zuhura: Unaendelea wapi? Nani amewahi kuona hata koleo pale?

[09:18] Ba' Salim: Mimi duka langu linautazama huo mtaro. Mkandarasi sijamuona. Nimeona mbuzi.

[11:40] Fundi Bomba: Haya nimepima, msiseme ni mzaha tu. Kutoka duka la Ba' Salim mpaka ukuta wa Mzee Mwinyi ni hatua 112. Kwenye kalvati ndipo umeziba. Nimechokora kwa fimbo. Kuna godoro la mtoto, gurudumu la tuktuk, magunia, na mchanga umeshikana kama saruji. Maji hayana pa kupita, yatarudi juu.

[11:41] Fundi Bomba: Na kiti

[11:41] Fundi Bomba: 📷 Picha

[11:43] Dada Neema: Hicho si chetu? Kina rangi nyekundu mgongoni

[11:43] Fundi Bomba: Rangi niliipaka mimi mwenyewe. Ni chetu. Mguu mmoja hauna.

[11:44] Fundi Bomba: 8️⃣ 😂😂😂

[11:50] Ba' Salim: Mama Zuhura umeona? Mali ya mtaa. Mtaroni. Na mnataka tuamini watu na bajeti.

[11:52] Mama Zuhura: Sasa mimi ndiye niliyekitupa?

[11:53] Ba' Salim: Sikusema.

[11:53] Mama Zuhura: Umesema.

[11:55] Dada Neema: Tunahitaji kwenda na huo waraka jamani sio viti

[11:56] Ba' Salim: Mwenye kusimama mbele ya watu kuwaulizia wengine hesabu, na yeye awe na yake. Ndilo langu tu.

[13:27] Mzee Mwinyi: Mie Mwinyi, naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote tangu jana. Kiti hicho kilikuwa kwangu. Nalikichukua kabla ya hiyo kampeni, mgonjwa wangu apate kukaa uani kivulini, na ufunguo alinipa marehemu kaka yake Ba' Salim. Sikumwambia mtu kwa kuwa naliona ni kiti kimoja. Novemba ya mwaka 2023, mvua ile ya El Niño, maji yalipoingia ndani gari halikuweza kufika, vijana walimbeba juu ya kiti hicho mpaka barabarani. Fundi alikuwa mmoja wao. Kiti kikaachwa majini. Mwenye kukaa hakurudi, na kiti nalikisahau. Kwa hivyo siku ile vilitoka 39. Mama Zuhura amebebeshwa kiti changu miaka yote hii nami nikinyamaza. Anisamehe. Na viti vilivyobaki, mwenye navyo anavyo. Hapa nataka kusikia habari za mtaro.

[13:29] Fundi Bomba: _Ujumbe huu umefutwa_

[13:58] Dada Neema: Allah amrehemu Bi Mkubwa

[14:03] Bwana Karani: Amin.

[14:20] Mama Zuhura: Mzee usiniombe msamaha. Nimekusikia.

[14:41] Ba' Salim: Shikamoo Mzee. Nimesikia.

[15:10] Mama Zuhura: Mzee, kwa heshima yako, hilo la maji kuingia tuliweke kwenye waraka? Bila jina.

[15:32] Mzee Mwinyi: Liwekeni. Andikeni yalifika wapi. Mlangoni kwangu alama ipo hadi leo, juu ya komeo kwa vidole vitatu. Nikipaka chokaa inarudi. Mie kusema sitakwenda.

[15:34] Fundi Bomba: Nakuja na utepe Mzee, tupime kwa sentimita. Wale wanapenda sentimita.

[16:20] Fundi Bomba: Kutoka sakafuni mpaka alama ni 94

[17:05] Mama Zuhura: Nimeandika. Ukurasa mmoja na nusu. Mtaro umo kwenye mpango, hali yake si kweli, hatua 112, kalvati limeziba, maji sentimita 94 ndani ya nyumba ya mkazi Novemba 2023, gari la wagonjwa halikufika. Mulika mwizi na chekechea mistari miwili miwili. Chande, sahihisha hiyo lugha. Sasa mambo mawili. Nani anasoma, na tunakwenda vipi.

[17:40] Mama Zuhura: Wamesoma 47.

[18:15] Mama Zuhura: 52. Mashallah.

[19:02] Dada Neema: Mimi nina bibi harusi wa kusuka lakini nikimaliza naja

[19:20] Chande: Nina mtihani saa nne. Nitawafuata mbio.

[20:48] Juma Doha: Salaam wa Kona. Nimetoka kazini sasa hivi ndio nasoma. Mzee Mwinyi, pole sana, sikuwa najua habari ya kiti. Mama Zuhura nakutumia 2,000 kwa M-Pesa, chukueni tuktuk mbili. Na mpige picha ya muhuri.

[20:50] Mama Zuhura: Allah akujaze kheri. Mnaona? Mtu yuko Doha.

[20:52] Fundi Bomba: Kwani kuna soda?

[20:53] Bwana Karani: Huwa kuna maji ya chupa na mkate wa siagi. Soda ilikwisha enzi zangu.

[20:55] Mama Zuhura: Tuktuk zitakuwa barazani kwangu saa mbili na robo. Msichelewe, wale wa fulana wataletwa kwa basi na kujaza viti vya mbele.

[20:55] Fundi Bomba: Viti gani

[20:56] Mama Zuhura: Fundi nakuomba.

[21:03] Bi Kadzo: Saa mbili ya nini? Si mlisema tisa

[21:04] Chande: Tisa ya tangazo shangazi. Ya Kizungu. Ni saa tatu asubuhi.

[21:05] Bi Kadzo: Saa tatu asubuhi mimi niko na karai la mahamri! Nimewaambia na wenzangu wote wa sokoni ni alasiri. Watu kumi na mmoja. Wengine wametoka Kongowea na mzigo leo ili kesho mchana wawe huru.

[21:06] Mama Zuhura: Inna lillahi. Nani mwingine alijua ni alasiri?

[21:07] Dada Neema: 🙋🏾‍♀️

[21:07] Baba Mwaka: Mimi pia

[21:09] Mama Mapacha: Na mimi, kumbe?

[21:10] Mama Zuhura: Mama Mapacha, tangu mwezi wa pili sijaona neno lako humu.

[21:12] Ba' Salim: Nitafunga duka saa moja. Mpaka saa nne, basi, gari la unga linakuja.

[21:13] Mama Zuhura: Usome wewe waraka. Una sauti.

[21:30] Ba' Salim: Niandike wa pili. Wa kwanza akikosekana.

[21:31] Mama Zuhura: Wa kwanza ni nani?

[23:55] Bwana Karani: Kuweni na nakala mbili.

*Jumatano*

[07:48] Mama Zuhura: Niko barazani na nakala zote mbili. Tuktuk moja imefika. Ya pili hashiki simu.

[08:02] Mama Zuhura: Niko na Fundi na mjukuu wa Mzee. Wengine mko wapi?

[08:06] Baba Mwaka: MAJI YAMETOKA

[08:06] Dada Neema: Kweli?

[08:06] Mama Mapacha: Huku yana nguvu

[08:07] Mama Rukia: Alhamdulillah siku tano

[08:07] Bi Kadzo: Mtu anifungulie bomba la nje niko jikoni

[08:08] Mwalimu: Na upande wa msikitini?

[08:08] Mama Rukia: Bado

[08:09] Mama Zuhura: Fundi ameshuka. Amekimbia na ndoo.

[08:14] Mama Zuhura: Dereva anasema anangoja dakika kumi tu.

[08:16] Ba' Salim: Nimebakisha mtungi mmoja. Mwambie asiondoke.