Naambiwa mimi nimempotezea mtu bando! MIMI!

Wakuu, habari za usiku. Nimeshindwa kulala. Nimegeukia ukutani, nimegeukia mlangoni, mama watoto ameniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nimetukanwa.

Mnamjua, wala sina haja ya kumtaja. Ni yule yule aliyeingia kwenye uzi wa rambirambi, watu tunaandika Bwana ametoa Bwana ametwaa, yeye anauliza ndoo ya dagaa leo soko la Mwaloni shilingi ngapi. Yule yule aliyeulizia ratiba ya kivuko cha Kamanga kwenye uzi wa wanaotafuta wachumba. Leo ikawa zamu yangu.

Saa mbili na nusu usiku, nimetoka kufunga banda langu la ufundi Kirumba, hapa Mwanza, mikono bado ina grisi, sahani ya ugali na sato iko mbele yangu. Simu ikalia. Ule uzi niliufungua mwenyewe na jina lake liko juu kwa herufi kubwa: MASHINE ZA MITUMBWI. Siyo za kufyatulia tofali, siyo cherehani. Za mitumbwi. Mtu anaandika: "Fundi, mashine yangu inawaka kwa shida halafu inatoa moshi mweupe. Nisaidie haraka, kuna watu wananisubiri."

Watu wananisubiri! Moyo ukanilipuka. Kwa sisi wa ziwani, watu wanaosubiri mashine iwake usiku ni watu walio ndani ya mtumbwi, giza totoro, upepo umeamka, nchi kavu huioni. Nawajua waliozimikiwa mashine wakaelea mpaka kukacha. Sahani nikaisogeza pembeni, sato akabaki ananitazama.

Nikaanza. Oili umechanganya kiasi gani? Nikamweleza kwamba mashine nyingi za kuchanganya tunazofunga huku ni 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 za petroli linakwenda na mililita 400 za oili, siyo kukadiria kwa kizibo kama unaweka chumvi kwenye mchicha. Ikizidi, plagi zinalowa na moshi unajaa. Ikipungua, pistoni inang'ang'ania ndani na hapo una chuma chakavu. Chomoa plagi, futa, kausha, rudisha. Halafu nikamuuliza: inakojoa?

Akajibu: "Inakojoa kidogo kwa chini."

Sasa wakuu, ningeelewaje? Mwaloni tukisema mashine inakojoa ni yale maji ya kupoza yanayotoka nyuma kama kamba, ndiyo dalili ya uzima. Ikikojoa kidogo, impela inayosukuma hayo maji imechoka au mchanga umeziba njia. Basi nikamwandikia habari ya impela tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Dakika AROBAINI. Kidole gumba kimekufa ganzi. Maneno niliyoandika ungeyapanga mstari mmoja yangetoka Kirumba yakafika Ukerewe bila kupanda kivuko.

Nikamalizia: vua propela uangalie kama nyuzi za nyavu zimejisokota kwenye shafti.

Kimya. Dakika tano nzima. Nikamwombea, kweli tena, nikafumba macho nikamwombea.

Anarudi: "Propela ni ipi? Hapa naona nyundo na chekeche tu."

NYUNDO NA CHEKECHE.

Mashine ya kusaga! Mtu yuko nchi kavu, ana injini ya dizeli, unga umemjaa mpaka kwenye kope, na hao watu wanaomsubiri ni akina mama wenye madebe ya mahindi! Mungu ni mwema hakumimina petroli yenye oili kwenye tangi la dizeli, maana leo tungekuwa na uzi mwingine. Nikamwambia kwa heshima zote, ndugu yangu, huu uzi ni wa mitumbwi. Ndipo akaandika:

"Kama hujui ungesema tu hujui, kuliko kunipotezea bando."

Kunipotezea bando. Dakika arobaini. Sato amekauka kama ubao. Nyundo na chekeche. KUNIPOTEZEA BANDO!

Asante sikuitaka, sijawahi kumdai mtu asante humu. Lakini nimpotezee bando, mimi?

Mtoto wa Nansio: Hahahaha "naona nyundo na chekeche tu". Chai imenipitia puani. Pole fundi, ila hebu tuelewane. Dakika arobaini zote hukumuuliza ni mashine gani?

Fundi Mwaloni: Mkuu usinichefue. Ukiingia kwa kinyozi ukakaa kwenye kiti, kinyozi akuulize kwanza kama umekuja kung'oa jino? Uzi una JINA.

Kiloleli Juu: Mimi nimekwama kwenye "nikamwombea". Fundi ana roho nzuri jamani.

Mtoto wa Nansio: Aliombewa na propela.

Mama Shija Igoma: Ngoja kwanza. Hiyo mashine ni ya huku Igoma? Maana mimi leo nimesimama kwenye mashine tangu saa moja na debe langu kichwani, mwenye mashine hatuangalii, yuko na simu tu anasoma, mara achomoe kitu, mara akifute, mara achungulie chini. Tukimuuliza anasema "naongea na fundi". Watoto wangu wamelalia michembe ya viazi na chai ya rangi! Kumbe fundi mwenyewe alikuwa anatafuta propela??

Fundi Mwaloni: Mama, sasa mimi kosa langu nini? Michembe na mimi tena?

Mama Shija Igoma: Kosa lako ni kuandika mengi, baba. Ungeandika kidogo angechoka mapema, nasi tungehamia mashine ya jirani kabla hajafunga.

Kiloleli Juu: 😂😂😂 Uzi ufungwe, mama amemaliza.

Posho Magu: Nasaga miaka mingi, niwape kitu. Injini ya dizeli ikiwaka kwa shida na moshi mweupe, mara nyingi nozeli inamwaga mafuta badala ya kuyapuliza, au kompresheni imeshuka. Na hiyo ya kukojoa kwa chini, kama ni maji ya rejeta yanapungua, asiendelee kuwasha, aangalie gasketi ya kichwa kwanza, maana maji yakiingia kwenye silinda moshi mweupe ni huo huo. Angeniuliza mimi ni dakika mbili.

Fundi Mwaloni: MMEONA! Mnaona sasa? Anayejua yupo! Uzi wa mashine za kusaga upo, uko pale pale, ukishuka kidogo tu unaukuta. Lakini yeye kaja kwangu, kanipandisha presha, halafu nimempotezea bando. Mimi!

Nesi Sengerema: Fundi pole, ila la kwako dogo. Mimi najibu kwenye uzi wa chanjo za watoto. Juzi akina mama wananiuliza za wiki sita, naandika polio, rota, taratibu kabisa. Anatokea mtu: "Dada, wangu wamesinzia tangu jana, shingo zimepinda, choo cha kijani, wanne wameshakufa." Nilipiga yowe wodini mpaka mgonjwa akaamka. Wanne! Nikamwandikia kimbia hospitali sasa hivi, usisubiri kuche, kodi hata bodaboda. Akajibu: "Hospitali wanapokea kuku?"

Mtoto wa Nansio: 💀💀💀

Kiloleli Juu: Fundi umefunikwa. Nesi ameshinda.

Nesi Sengerema: Nililia. Nilishaanza kuwalilia watoto wa watu wanne ambao ni kuku.

Fundi Mwaloni: Dada yangu pole sana, hilo ni baya kweli. Lakini wako alikutukana? Hakukuambia umempotezea bando.

Nesi Sengerema: Alisema manesi tuna roho mbaya.

Dereva Nyegezi: Mimi kila siku kwenye uzi wa mabasi naulizwa foleni ya kivuko Busisi ikoje. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji, mtu anauliza foleni ya kivuko! Na ukimwambia kuna daraja anataka umtumie picha.

Kisesa Mfugaji: Nesi, hao kuku wana mdondo. Shingo ikishapinda chanjo haiponyi, chanjo ni ya wazima. Ile ya matone, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Watu wa huku wanangoja wafe ndipo waulize.

Posho Magu: Mkuu, ile ya matone inakaa bila friji? Mimi huku umeme unakatika.

Kisesa Mfugaji: Ile ya kisasa inavumilia joto kidogo, ila usiiweke juani. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, weka penye kivuli.

Fundi Mwaloni: Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Mtu amekaa mbele ya nyundo na chekeche, anaulizwa kama inakojoa, anajibu INAKOJOA. Halafu bando.

Mvuvi wa Ukara: Fundi shikamoo. Najua una hasira, lakini nina swali na liko kwenye mitumbwi kabisa. Mashine ni HP 15, ya petroli, ya kuchanganya, 50 kwa 1 kama unavyotufundisha. Inawaka mara ya kwanza, inakwenda vizuri kama robo saa, halafu inalegea na kuzima. Nikikaa dakika kumi inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Plagi mpya. Inakojoa vizuri sana. Kesho tunaingia ziwani kwa dagaa, siku za mbalamwezi zimeshapita.

Fundi Mwaloni: Marahaba mwanangu. Mungu akubariki, hivi ndivyo mtu anavyouliza, angalieni nyote. Ikizima, kabla hujagusa kitu kingine, shika ile pampu ya mkono kwenye bomba la mafuta. Ukikuta imebonyea, imenyonywa ndani, basi tangi halivuti hewa. Juu ya kizibo cha tangi kuna kiskrubu cha hewa, ama umekifunga, ama tundu lake limeziba kwa uchafu. Kifungue, zibua kwa waya mwembamba, itakwenda. Kama pampu haijabonyea, niandikie tena, niko macho. Usiingie ziwani kesho bila kuijaribu ufukweni nusu saa nzima, na makasia yawe mawili.

Mvuvi wa Ukara: Skrubu ilikuwa imefungwa kabisa fundi. Kijana wangu aliifunga akiogopa petroli isimwagike. Asante sana.

Fundi Mwaloni: Mwambie kijana asigombezwe, aonyeshwe.

Kiloleli Juu: Nesi, samahani, umesema kila miezi mitatu?

Nesi Sengerema: Sikusema mimi!! Mimi ni nesi wa WATU.

Mama Shija Igoma: Na mimi nina matetea sita na vifaranga. Vifaranga nao wanadondoshewa tone zima au nusu?

Kisesa Mfugaji: Zima mama, lile lile la mkubwa, halipungui. Ila mshike kichwa kiwe upande, usimwachie mpaka uone amepepesa na tone limeingia.