Kipimo hakioni tena lukemia: kwa nini dawa isisimamishwe?

Mwanaidi: Salaam kwenu nyote. Kaka yangu anaugua lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole, na kila siku humeza vidonge vya imatinibu. Kipimo chake cha mwisho cha PCR, kinachotafuta alama ya kijeni ya ugonjwa katika damu, hakikuona kitu, naye sasa anashikilia kwamba amepona na hana haja ya vidonge. Daktari amemkataza kuacha, akitaja seli shina za damu. Naomba kueleweshwa seli hizo ni zipi, na inakuwaje zibaki ilhali kipimo hakizioni.

Mteknolojia wa Maabara: Dada Mwanaidi, pole kwa kuuguza. Seli shina za damu hukaa katika uboho wa mifupa. Ni chache mno, lakini ndizo chimbuko la chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zote, na kwa mtu mzima uzao wake hufikia chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kwa siku. Watafiti Till na McCulloch wa Toronto, Kanada, ndio walioanza kulithibitisha jambo hili mwaka 1961, walipowapandikizia uboho panya waliopigwa mionzi. Seli hizi zinaweza kuzaa nyingine mfano wake, na wakati mwingi nyingi kati yake hutulia bila kugawanyika.

Ugonjwa wa kaka yako huanzia katika seli shina moja ambamo kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali, ikazaliwa jeni mseto iitwayo BCR-ABL. Protini ya jeni hiyo huziamuru seli ziongezeke bila kikomo. Imatinibu huizima protini hiyo, na seli zinazoitegemea hufa. Lakini seli shina zenye kasoro, hasa zile zilizotulia, zinaweza kuishi hata protini hiyo ikiwa imezimwa. Nasisitiza pia kwamba PCR huchunguza damu kidogo tu iliyotolewa mkononi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kubaki na seli za ugonjwa kwa maelfu na kipimo kisione hata moja.

Mzee Kombo: Mwanangu, nami natumia dawa hiyo, na hamu ya kaka yako naielewa vizuri. Mwambie kwamba kuacha si jambo lisilowezekana. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 100 waliacha imatinibu baada ya angalau miaka miwili bila ugonjwa kuonekana. Kwa takriban 6 kati ya kila 10 ugonjwa ulirudi, wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza, na karibu wote walipopewa dawa tena ukatulia. Walikuwa chini ya uangalizi wa karibu, jambo ambalo mtu anayeacha kwa siri nyumbani hulikosa.

Mwanaidi: Nashukuru sana, Baba. Uangalizi huo huwaje?

Mteknolojia wa Maabara: Baada ya kuacha, PCR hurudiwa kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, kisha hupunguzwa polepole, na maabara lazima iwe na uwezo wa kugundua kiasi kidogo sana cha BCR-ABL na kutoa majibu mapema. Kabla ya hapo daktari huangalia mgonjwa ametumia dawa miaka mingapi na matokeo mazuri yamedumu kwa muda gani. Kipimo kimoja kisafi hakitoshi. Kaka yako aende kliniki na majibu yake yote ya nyuma, na vidonge aendelee kumeza hadi hapo.